Sura za Wavujajasho Katika Ukuta wa Mwanamfalme: Kazi ya Ilya Repin

Katika jamii yoyote yenye matabaka, picha ya sura ya mtu ni mali ya yule anayeweza kuilipia. Mfalme huchorwa, askofu huchorwa, na mfanyabiashara akishatajirika humwita mchoraji amchore yeye na mkewe. Mtwana aliyelima mashamba yao hufa bila uso wake kuachwa popote. Kwa hiyo tunapochambua kazi ya mchoraji wa sura haitoshi kusema kwamba picha zake zinafanana na watu waliochorwa. Hatuna budi kuuliza: nani amechorwa, nani ameinunua picha, na nani amepata nafasi ya kuitazama? Maswali hayo tunayaelekeza hapa kwa Ilya Repin wa Urusi (1844–1930), aliyechora, akafundisha na kuonyesha kazi zake kwa zaidi ya nusu karne, na ambaye wapenda maendeleo wengi humtaja kama mfano wa msanii wa umma. Sisi tunaona kwamba anastahili nusu ya sifa hiyo. Nusu iliyobaki ndiyo yenye somo kwa makada.

Repin alizaliwa Chuguev, mji ulioko leo nchini Ukraine, katika familia ya askari walowezi, yaani watu waliofungwa na dola kulima na kutumikia jeshi kwa pamoja. Alianza kushika brashi kwa mafundi waliochora picha takatifu za makanisani. Mwaka 1864 aliingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini St. Petersburg. Mwaka mmoja kabla yake wanafunzi 14 wa chuo hicho, wakiongozwa na Ivan Kramskoi, walikuwa wametoka kwa pamoja kwa kukataa kushindania medali ya dhahabu kwa kuchora karamu ya miungu ya kale ya watu wa kaskazini. Wakati huo utwana ulikuwa umefutwa kisheria miaka miwili tu iliyopita, wakulima walikuwa wakilipishwa fidia kwa ajili ya ardhi waliyoilima wenyewe, na Chuo kilitaka vijana wachore miungu!

Kiangazi cha mwaka 1870 Repin alikwenda Mto Volga na kukaa na wavuta matishari, watu waliokodiwa kukokota vyombo vya mizigo kwa kamba dhidi ya mkondo wa maji, mkanda kifuani, wakitembea ukingoni. Picha yake ya Wavuta Matishari, aliyoimaliza mwaka 1873, ina upana unaokaribia mita 3, na ndani yake wamo watu 11. Hapa msomaji atazame vizuri. Mchoraji dhaifu angetupa kundi moja la mateso, migongo 11 iliyoinama ili mwungwana ahurumie. Repin alitupa watu 11. Aliye mbele ni Kanin, aliyewahi kuwa kasisi akavuliwa cheo, na Repin aliandika baadaye kwamba alimfuata siku nyingi akimwona kama mwanafalsafa wa kale aliyeuzwa utumwani. Karibu naye mwingine anatutazama sisi moja kwa moja, kwa jicho lisiloomba chochote. Katikati yuko kijana mmoja aliyenyosha mgongo na kuinua uso, mkono uko kwenye mkanda, kana kwamba bado hajakubali kuuzoea. Mbali kabisa, juu ya maji, unaonekana moshi mdogo wa meli ya mvuke. Moshi huo ni jambo la uchumi. Mashine ilikwisha kuwapo, ila mwenye mali aliendelea kumtumia binadamu maadamu jasho lake lilikuwa rahisi kuliko makaa. Sijui kama Repin aliusoma uchumi wa kisiasa, wala si lazima. Macho yake yaliona uhusiano huo na mkono wake haukuuficha.

Basi, nani aliinunua picha hiyo? Aliinunua Mwanamfalme Vladimir, mtoto wa Mfalme Alexander II. Kwa maelezo ya Repin mwenyewe, ilitundikwa katika chumba cha kuchezea biliadi. Wavujajasho 11 walikokota tishari lao ukutani huku mabwana wakipiga mipira mezani. Hilo halikuwa kosa la picha. Lakini linatuonyesha kwamba tabaka tawala lina tumbo kubwa: linaweza kununua hata shutuma dhidi yake, likaiita sanaa nzuri, na kulala usingizi.

Chama cha Maonyesho ya Kusafiri, kilichoundwa mwaka 1870 na ambacho Repin alijiunga nacho mwaka 1878, kilijaribu kulitatua tatizo hili. Wasanii hao hawakungoja wateja waje mji mkuu. Walipakia picha katika treni na kuzipeleka Moscow, Kiev, Kharkov na miji mingine, wakatoza kiingilio na kugawana mapato. Ilikuwa hatua kubwa ya kuvunja ukiritimba wa Chuo na jumba la kifalme. Tusitie chumvi, hata hivyo. Reli ilifika mijini, na aliyelipa kiingilio mara nyingi alikuwa mwalimu, karani, mwanafunzi au mfanyabiashara. Mkulima aliyechorwa hakuwa ndiye aliyekuja kutazama.

Katika miaka hiyo ndipo Repin alipofikia kilele. Shemasi wake mkuu wa mwaka 1877, mwenye tumbo, ndevu na mkono mzito juu ya fimbo, anaeleza uhusiano wa kanisa na shamba kuliko vijitabu vingi. Katika Maandamano ya Kidini Mkoani Kursk (1880–1883) kibiongo kijana anayetembea kwa mkongojo anazuiliwa kwa fimbo asiisogelee picha takatifu, ambayo imebebwa na bibi mwenye ardhi. Askari juu ya farasi anawachapa watu kiboko, na nyuma yao kilima kimebaki visiki vitupu kwa miti kukatwa. Mwezi Machi 1881 alimchora mtunzi wa muziki Modest Mussorgsky akiwa mgonjwa katika hospitali ya kijeshi, amevaa joho la wodini, nywele timutimu, pua nyekundu kwa ulevi, macho angavu. Baada ya siku chache Mussorgsky alifariki. Picha hiyo haina heshima ya uongo hata kidogo, na kwa sababu hiyo inamheshimu mtu.

Tufike sasa kwa Repin mwalimu. Mwaka 1894 alirudi katika Chuo kilekile kama profesa, na huko wakapita mikononi mwake Boris Kustodiev, Igor Grabar na wengine wengi. Wapo waliomwita msaliti kwa kurudi. Sisi hatuoni hivyo. Kuingia katika chombo cha dola kwa nia ya kuwafundisha vijana si dhambi yenyewe. Mwaka 1901 dola ilimwagiza achore mkutano wa kuadhimisha miaka 100 ya Baraza la Dola. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka 1903 akisaidiwa na wanafunzi wake Kustodiev na Ivan Kulikov, katika kitambaa chenye upana wa karibu mita 9, na watu zaidi ya 80 ndani yake. Picha kubwa yenyewe ni baridi, imejaa medali na viti vyekundu. Michoro midogo ya maandalizi ndiyo hazina: Pobedonostsev, adui mkubwa wa kila mageuzi, amekaa kwa uso mkavu, mikono amekunja kama anayesali. Mwagizaji alitaka utukufu, naye akapata ukweli. Hadi hapo Repin bado yuko upande wetu.

Lakini mtihani ulikuja nje ya kitambaa. Tarehe 22 Januari 1905, kwa kalenda ya leo, askari mjini St. Petersburg waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliokwenda na familia zao kupeleka maombi kwa Mfalme Nicholas II. Amri kuu ya majeshi ya mji ilikuwa mikononi mwa Mwanamfalme Vladimir, baba yake mdogo Mfalme, aliyekuwa pia Rais wa Chuo cha Sanaa. Ndiye yuleyule wa chumba cha biliadi! Valentin Serov, ambaye Repin alianza kumfundisha tangu akiwa mtoto na kumweka nyumbani kwake, aliwaona askari wa farasi kupitia dirisha la Chuo. Yeye na Vasily Polenov waliandika barua kupinga sanaa kuongozwa na mtu wa damu ile. Barua haikusomwa mkutanoni, na Serov akajiuzulu uanachama wa Chuo. Repin hakutia saini.

Ndugu mmoja tuliyejadiliana naye alisema kwamba kumpima mchoraji kwa saini ni ukali usio na maana, kwani saini hufutika na picha hudumu. Hoja hiyo ina uzito, na haki inatutaka tuongeze kwamba Repin aliacha kufundisha Chuoni mwaka 1907 na kwamba alichora furaha ya umati wa tarehe 17 Oktoba 1905. Serov naye hakuwa mwanamapinduzi wa kuzaliwa, kwani mwaka 1900 alimchora Nicholas II mwenyewe. Lakini wanafunzi walikuwa wakimtazama mwalimu. Mtu aliyewafundisha kumwona Kanin kama binadamu alinyamaza siku Kanin alipopigwa risasi barabarani, na aliyesema akawa mwanafunzi. Kufundisha jicho bila kufundisha msimamo ni kazi iliyoishia njiani, hata kama jicho hilo ni bora kuliko yote ya nchi yake.

Kosa la upande wa pili linatuhusu zaidi. Katika miaka ya 1930 na baada yake wachoraji wengi wa Kisovieti waliambiwa wamfuate Repin, wakachukua rangi na ukubwa wa vitambaa vyake na kuacha uchunguzi wake. Matokeo yakawa nyuso za viongozi zisizo na kasoro na wakulima wanaotabasamu saa zote. Hata hapa kwetu tumeona picha za mkulima mwenye jembe lisilo na udongo. Repin alikaa kiangazi kizima na wavuta kamba kabla ya kuthubutu kuwachora.

Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1930 huko Kuokkala, wakati huo Finland, bila kurudi Urusi ingawa alialikwa. Picha ya wavuta matishari ilitoka katika jumba la mwanamfalme baada ya Mapinduzi ya 1917, na leo iko katika Jumba la Makumbusho la Urusi mjini St. Petersburg. Kanin bado yuko mbele, na yule wa pembeni bado anatutazama.