Uongozi Ndani ya Rundo la Swichi

Swichi ya mtandao ni kifaa kinachopokea pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data, kupitia tundu moja na kuzitoa kwa tundu lile tu linaloelekea kwenye kompyuta iliyokusudiwa, na kwa kawaida kila swichi hujitegemea: ina anwani yake ya usimamizi, nywila zake, faili lake la mipangilio na toleo lake la programu endeshi. Ghorofa moja ya jengo la ofisi inaweza kuhitaji matundu mia mbili au mia tatu, na kwa kuwa swichi kubwa ya kawaida ina matundu 48, vifaa huongezeka na kazi ya msimamizi huongezeka navyo, maana badiliko dogo, kwa mfano kuzitengea simu za mezani mtandao wao pepe, hulazimika kurudiwa katika kila swichi. Rundo la swichi lilibuniwa ili kuondoa marudio hayo: swichi kadhaa huunganishwa kwa kebo maalumu hata zikaonekana, machoni pa msimamizi na kwa vifaa vyote vya jirani, kuwa kifaa kimoja.

Mfano uliosambaa sana ni ule wa Catalyst 3750, swichi iliyoletwa sokoni na kampuni ya Cisco mwaka 2003 pamoja na mbinu iitwayo StackWise. Swichi hadi 9 ziliweza kuunganishwa kwa kebo fupi zilizochomekwa nyuma, na swichi ya mwisho ilirudishwa kwa ile ya kwanza ili njia ifunge pete. Ndani ya pete hiyo data ilizunguka katika pande mbili zinazopingana, kila upande ukibeba gigabiti 16 kwa sekunde, jumla 32. Kebo moja ikikatika, data iligeuzwa na kurudi ilikotoka, kwa hiyo uwezo ulipungua hadi nusu lakini rundo halikuvunjika. Hata hivyo, gigabiti 32 zilikuwa na ukarimu mdogo kuliko zilivyosomeka kwenye vipeperushi vya mauzo, kwa sababu kila pakiti ilizunguka pete nzima mpaka irejee kwa swichi iliyoituma, ambayo ndiyo iliyoiondoa. Toleo lililofuata, StackWise Plus, lilirekebisha jambo hilo kwa kuiachia swichi inayopokea kazi ya kuiondoa pakiti, na sehemu ya pete iliyobaki wazi ikaweza kubeba data nyingine wakati huohuo.

Kuunganisha kebo ni sehemu nyepesi ya kazi. Penye vifaa tisa vinavyojifanya kimoja lazima pawe na kimoja kinachoamua, na ugumu wote wa kusimamia rundo unatokana na namna kifaa hicho kinavyopatikana na kinavyoondoka. Swichi kiongozi hushika faili la mipangilio, huendesha hesabu za kutafuta njia za pakiti na huitikia amri za msimamizi, ilhali swichi nyingine hupitisha data kufuatana na majedwali zinayopewa, huku zikihifadhi nakala ya mipangilio endapo zitahitajika kushika nafasi ya kiongozi.

Kiongozi hupatikana kwa uchaguzi unaofuata vigezo kwa mpangilio. Swichi ambayo tayari inaongoza hupendelewa. Ikiwa hakuna, hutazamwa kipaumbele, yaani namba kati ya 1 na 15 ambayo msimamizi huipangia kila swichi. Vigezo vingine hufuata, na mwisho kabisa ushindi huenda kwa swichi yenye anwani ndogo zaidi ya MAC, ambayo ni namba ya kipekee inayopewa kila kifaa kiwandani. Tatizo ni kwamba swichi zote hutoka kiwandani zikiwa na kipaumbele 1, na asiyekigusa huwa ameuacha uamuzi kwa vigezo vya mwisho. Kwa kuwa viwanda kwa kawaida hutoa anwani hizo kwa mfululizo unaopanda, anwani ndogo aghalabu ni ya kifaa kikongwe, kwa hiyo rundo lililoachwa lijichagulie linaweza kujikuta chini ya swichi iliyochakaa kuliko zote, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi, wakati ambapo swichi zote huwaka pamoja na hakuna inayoweza kudai kwamba ilikuwa ikiongoza. Ni uzembe usio na kisingizio, maana kuipa swichi moja kipaumbele 15 na nyingine 14 ni kazi ya amri mbili.

Kanuni ya kumpendelea aliyepo huwashangaza wengi, kwa kuwa swichi yenye kipaumbele 15 ikizimika na kurudi, haitwai tena uongozi bali hujiunga kama nyingine. Kanuni hiyo ni ya busara. Kila badiliko la uongozi lina gharama, na kifaa kinachozimika na kuwaka mara kwa mara kingeliyumbisha rundo zima kama kingeruhusiwa kudai nafasi yake kila kinaporudi.

Uongozi unafungamana pia na utambulisho. Rundo hutumia anwani ya MAC ya swichi kiongozi, kwa hiyo kiongozi akibadilika, anwani nayo hubadilika na vifaa vya jirani hulazimika kujifunza upya. Msimamizi anaweza kuagiza anwani ya zamani iendelee kutumika, hata bila kikomo, lakini akifanya hivyo asiichukue swichi iliyoondolewa na kuifunga kwingine katika mtandao uleule, la sivyo anwani moja itakuwa na wenyewe wawili. Kila swichi hubeba pia namba yake ndani ya rundo, nayo huonekana katika jina la kila tundu: 3/0/17 ni tundu la 17 la swichi ya 3. Namba hiyo haitegemei mahali swichi ilipo kwenye kabati, na rundo ambalo namba 3 iko juu ya namba 1 ni mtego kwa fundi aliyeitwa usiku kung'oa kifaa kibovu.

Swichi mpya inapaswa kuunganishwa ikiwa imezimwa. Ikiunganishwa ikiwa imewaka, huwa ni rundo la kifaa kimoja lenye kiongozi wake, na viongozi wawili wakikutana uchaguzi hufanyika upya, upande unaoshindwa ukajiwasha upya wote. Ni rahisi kukisia hasira za ofisi ikiwa ulioshindwa ni upande wenye swichi nane. Kinyume chake ni kukatika kwa kebo mbili, ambako huligawa rundo: kila kipande huwa na kiongozi, na vyote viwili hudai anwani ileile ya usimamizi.

Vizazi vya baadaye, kama Catalyst 3850, viliongeza swichi ya akiba inayofuatilia hali ya kiongozi muda wote ili makabidhiano yasikatishe huduma. Hayo yalipunguza madhara ya kifo cha kiongozi, lakini hayakuondoa ukweli kwamba rundo lina programu moja na faili moja la mipangilio, hivyo amri mbovu huenea kotekote papo hapo, na toleo jipya la programu kwa kawaida hudai swichi zote zizimwe na kuwashwa. Hii ndiyo sababu vituo vikubwa vya data vilipendelea mpango mwingine, ambao swichi mbili hushirikiana kubeba viungo vya seva huku kila moja ikibaki na ubongo wake na mipangilio yake, ingawa msimamizi analazimika kuandika amri mara mbili. Katika kabati la ghorofa, ambako saa moja ya usiku inaweza kutengwa kwa matengenezo bila mtu kulalamika, rundo bado ni chaguo la nafuu, mradi kipaumbele kimepangwa na viungo vinavyopanda kwenye mtandao mkuu vimegawanywa katika swichi mbili tofauti.