Dhahabu na Sukari: Tafakari juu ya Picha Tatu za Rembrandt

Wanahistoria wamezoea kuiita karne ya 17 nchini Uholanzi "Zama za Dhahabu", wala hawakukosa sababu. Katika nchi ile ndogo Rembrandt na Vermeer walichora, Vondel akatunga tamthilia, Spinoza akaandika falsafa, Huygens akagundua mwezi wa sayari ya Zohali (1655), na Leeuwenhoek akaona kwa hadubini viumbe wasioonekana kwa macho. Hata hivyo, mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Amsterdam liliamua kutoitumia tena sifa hiyo kuwa jina la karne nzima. Wako waliodai kwamba huko ni kuidharau sanaa. Sisi tunaona sivyo, na picha zenyewe ndizo ushahidi wetu.

Mwaka 1634 Rembrandt aliwachora Marten Soolmans na mkewe Oopjen Coppit, kila mmoja kwa kimo chake kamili. Ustadi wake ni wa ajabu: nguo zao ni nyeusi, lakini weusi huo una vivuli vingi, na lesi nyeupe ya kola inang'aa juu yake. Uholanzi na Ufaransa zilizinunua picha hizo kwa pamoja mwaka 2016 kwa euro milioni 160. Lakini mali ya akina Soolmans ilitoka wapi? Baba yake Marten alikuwa na kiwanda cha kusafisha sukari mjini Amsterdam, na sukari hiyo ilitoka Brazili, ambako miwa ililimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Mwaka 1637 Waholanzi waliiteka ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, wapate watumwa wa mashamba hayo.

Mwaka 1661 mchoraji yuyo huyo aliwachora wanaume wawili Waafrika. Mmoja amevaa vazi mfano wa Warumi wa kale; mwenzake ameegemea bega lake. Hawana lesi, lakini nyuso zao zimetazamwa kwa makini na kwa heshima. Waafrika walio huru waliishi jirani na nyumba ya Rembrandt, naye aliwaona kuwa watu. Hata hivyo, tofauti moja haifutiki: majina ya Marten na Oopjen yamehifadhiwa, bali ya wawili hawa hakuna aliyeyaandika.

Kwa hiyo hatusemi kwamba Rembrandt ahukumiwe kwa sukari ya wengine, wala kwamba picha zake zifichwe. La hasha! Tunasema zitazamwe pamoja. Karne hiyo ndiyo tunayoifundisha vyuoni kuwa karne ya Sinodi ya Dort (1618–1619). Mwalimu anayeeleza mafundisho ya sinodi hiyo pasipo kuitaja Elmina anawapa wanafunzi wake nusu ya historia, na nusu hiyo inawaacha nje babu zetu.