Kujiandika ni Kujirudi: Tawasifu ya Shaaban Robert na Mwanafunzi wa Leo

Vitabu vya nadharia ya fasihi hueleza kuwa tawasifu ni habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mtu huyo mwenyewe, na huitofautisha na wasifu, ambao huandikwa na mtu mwingine. Maelezo haya ni sahihi, na wanafunzi wengi huyajua kwa ghibu. Hata hivyo, hayajibu swali moja la msingi: je, yule anayeandika habari zake anapata faida gani? Katika makala haya tunajaribu kulijibu swali hilo kwa kukipitia kitabu cha Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Dai letu ni kwamba kujiandika humkuza mtu pale tu anapokubali kuurudia ukurasa wake mwenyewe. Kiswahili kimetupa neno linalofaa sana hapa, nalo ni kujirudi.

Kwanza ni vizuri tukumbuke kwamba Shaaban Robert hakuwa wa kwanza kuandika juu ya nafsi yake katika lugha hii. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utenzi akiwa mgonjwa ili amwachie binti yake wosia. Ndani ya wosia huo aliingiza habari za ndoa yake mwenyewe. Hakufanya hivyo kwa kujisifu tu. Alitaka binti ajue kwamba mausia yale yalitoka katika maisha yaliyokwisha kuishiwa. Baadaye alikuja Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu. Heinrich Brode aliyachapisha miaka ya 1902 na 1903, muda mfupi kabla ya mwandishi kufariki mwaka 1905. Humo mna safari, vita, pembe za ndovu na hesabu za biashara. Kwa mwanahistoria, hiyo ni hazina. Lakini msomaji anayetafuta mahali ambapo Tippu Tip anasimama na kujiuliza kama alitenda haki, atafunga kitabu bila kupaona. Kwa hiyo, mtu anaweza kuandika mengi kuhusu nafsi yake bila kuitazama nafsi hiyo. Nyani haoni kundule, hata akiwa na kalamu mkononi.

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 katika eneo la Tanga, akaanza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926. Maisha Yangu ilitoka mwaka 1949, alipokuwa na umri wa miaka arobaini. Jambo la kwanza linalomgusa msomaji ni uchaguzi wake wa habari. Utoto haukupewa nafasi kubwa. Tunamkuta mtu mzima mwenye ndoa, kazi, uhamisho na watoto. Anaandika akiwa katikati ya mzigo, kabla hajautua. Anapomlilia mkewe Amina, nathari haimtoshi, na huzuni yake inaingia katika ushairi. Anapowawazia watoto aliobaki nao, anamtungia binti Utenzi wa Hati na mwana Utenzi wa Adili. Ni dhahiri kwamba yumo katika njia ile ile ya Mwana Kupona: mzazi anayejipima mbele ya mtoto. Tunadhani hapa ndipo penye nguvu ya kitabu. Mtu akiandika kwa ajili ya msomaji anayempenda na ambaye siku moja atamhukumu, hathubutu kusema lolote tu.

Pamoja na sifa hizo, mhakiki hana budi kuonyesha upungufu. Shaaban Robert ana haraka ya kufikia funzo. Tukio halijapoa, tayari limegeuzwa kuwa adili. Mara nyingi tungependa kukaa naye kidogo katika mashaka yake kabla hajatuletea jibu. Aidha, nafsi inayojitokeza ni nafsi ya mfano mwema. Makosa ya wengine na ya dunia yanaonekana wazi kuliko makosa ya mwandishi. Wapo watakaosema kwamba huo ndio utaratibu wa fasihi ya Kiswahili ya wakati wake, iliyotaka kila kazi iwe na mafunzo. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Kurasa za msiba zinatufundisha zaidi kuliko kurasa za nasaha, kwa sababu katika msiba mwandishi hajui bado atasema nini.

Upungufu huo unasahihishwa kwa kiasi fulani na jambo ambalo wahakiki hulitaja kwa haraka: vitabu hivi ni viwili. Baada ya kutimiza miaka hamsini mwaka 1959, Shaaban Robert aliishika tena kalamu na kuendelea na habari zake. Alifariki mwaka 1962, na sehemu zote mbili zilitolewa pamoja mwaka 1966. Karani wa sehemu ya kwanza, katika sehemu ya pili ni mtu anayeiaga ajira ya serikali na kuitazama kazi ya kalamu. Mtu ni yule yule, ila kipimo kimebadilika. Kama angeishia kwenye kitabu cha mwaka 1949, tungekuwa na picha moja tu iliyotulia. Kwa kuwa alirudi, tunaweza kuziweka picha mbili pamoja na kuona mwendo. Kukua kwa mtu hakuonekani katika ukurasa mmoja, hata uwe mzuri namna gani. Huonekana katikati ya kurasa mbili.

Haya yanatuhusuje sisi wa hapa Rohero? Warundi wana methali isemayo: Akarenze umunwa karushya ihamagara, yaani neno likishavuka mdomo ni vigumu kuliita lirudi. Ni methali ya busara, na katika nchi iliyopita katika miaka ya vita kuanzia 1993, busara hiyo imewalinda wengi. Lakini kijana asiyeweza kusema lolote kuhusu nafsi yake hubaki na mengi asiyoyapanga. Daftari linampa njia ya kati. Neno lililoandikwa na kufungiwa sandukuni halijavuka mdomo. Mwenyewe anaweza kulirudia, kulifuta au kulijibu. Hali kadhalika, kwa wanafunzi wengi Kiswahili si lugha ya nyumbani, isipokuwa kwa waliokulia mitaa kama Buyenzi. Lugha ya kujifunza humfanya mtu achague maneno polepole, na upole huo ni msaada kwa anayejitafakari.

Kwa sababu hiyo, tunapendekeza kwamba tawasifu isifundishwe kwa kutaja sifa zake tu. Mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kila juma, autie tarehe, na asitaje majina ya watu. Mwalimu asome kurasa zile tu ambazo mwanafunzi amezitoa kwa hiari, na asahihishe lugha, asihukumu maisha. Baada ya miezi mitatu, mwanafunzi aufungue ukurasa wa kwanza na kuuandikia jibu. Jibu hilo ndilo zoezi lenyewe. Huko ndiko atakakogundua alichokuza, alichokificha na alichokiona kikubwa kumbe kilikuwa kidogo.

Tunahitimisha kwa kusema kwamba Shaaban Robert hakutuachia tawasifu isiyo na dosari. Alituachia mfano wa mtu aliyeandika akiwa na miaka arobaini, na alipopita hamsini hakuona haya kuandika tena. Kwa mwandishi chipukizi, tunaona mfano huo unafaa kuliko nasaha zake zote.