Pongezi kwa Fundi wa Haidroliki

Katapila linapochimba mtaro, watu husimama kumtazama dereva. Pongezi zangu ni za fundi anayelihudumia.

Kazi yake inategemea kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, presha husambaa sawa kila upande. Kwa hiyo nguvu ndogo kwenye pistoni nyembamba huinua mzigo mzito juu ya pistoni pana. Mwaka 1795 Joseph Bramah alipata hataza Uingereza kwa mashine ya kukandamiza iliyotumia kanuni hiyo. Katika makatapila ya leo presha hupita baa 300. Tairi la gari dogo lina baa 2 hivi.

Adui mkubwa ni uchafu. Chembe za vumbi zisizoonekana kwa macho hukwaruza pampu na valvu, na sili huanza kuvuja. Fundi ninayemheshimu hufuta kifuniko cha tangi kabla ya kukifungua, huziba ncha za mipira aliyoifungua, na hubadili filta kwa ratiba, bila kungoja mashine ilegee. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, anajua maji yameingia.

Kabla ya kushika spana, hushusha ndoo hadi chini, huzima injini na kuchezesha leva ili kutoa presha iliyobaki. Uvujaji hautafuti kwa kiganja, bali kwa kipande cha boksi, kwani oili yenye presha hupenya ngozi, na kijitundu kisichouma sana chaweza kumpotezea mtu mkono. Wenye mashine wanaomharakisha fundi huyu wanamkosea sana.