Tom Frost, mhandisi aliyeihurumia miamba

Tom Frost, mhandisi wa California aliyefariki mwaka 2018, anastahili pongezi. Mwaka 1961 alikuwa mmoja wa watatu waliofungua njia ya kukwea ya Salathé Wall, kwenye mwamba wa El Capitan huko Yosemite. Lakini kinachonigusa zaidi ni kazi ya mikono yake. Wakweaji walizoea kupigilia misumari ya chuma nyufani na kuing'oa, hata miamba ikachakaa. Yeye na mkweaji mwenzake Yvon Chouinard wakabuni kipande cha alumini chenye pande sita: unakipachika kwa vidole, uzito ukija kinabana, na anayefuata anakitoa bila kuacha kovu. Huo ndio uhandisi wenye adabu! Baadaye alirudi Yosemite kukwea na mwanawe, na kambi ya wakweaji ya huko, Camp 4, ilipotishiwa na majengo mapya, akaitetea mahakamani. Ipo hadi leo.