Ile asilimia 45 ya Katavi: wale 55 wengine wamepona?

Kama wewe ni wa Shanwe kama mimi, au umewahi kukaa kwenye kikao cha maendeleo hapa Mpanda, namba hii unaijua: asilimia 45. Ilitoka kwenye utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16. Mkoani Katavi, wasichana 45 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Kitaifa walikuwa 27.

Namba yenyewe sina ugomvi nayo. Nagombana na tunavyoisoma, eti 55 waliobaki wamevuka salama. Hivi aliyetimiza miaka 15 juzi amevuka nini?

Tupige hesabu ya kubuni. Chukua mabinti kumi, wawili wawili kwa kila umri, kuanzia 15 hadi 19. Wote wawili wa miaka 19 wameshazaa, mmoja akiwa na 17, mwingine 18. Mmoja wa miaka 18 naye alizaa akiwa na 17. Ni watatu kati ya kumi, yaani asilimia 30.

Sasa hesabu kwa njia ya Kaplan na Meier ya 1958. Waliofikisha miaka 17 ni sita. Wawili walizaa katika umri huo, wakabaki theluthi mbili. Waliofika 18 bila mtoto ni wawili; mmoja akazaa, ikabaki nusu ya ile theluthi mbili. Theluthi moja tu. Kwa hiyo makadirio ya kuzaa kabla ya kutimiza miaka 19 ni kama asilimia 67. Mabinti ni walewale! Tofauti ni kwamba wadogo hawakuhesabiwa kama "hapana", bali kama "bado".

Huu ndio uchambuzi wa uhai. Jina limetokana na kukadiria muda wa kuishi, lakini hapa tukio ni mtoto wa kwanza.

Ila na sisi watafiti tusijisifu mapema. Wengi wetu tunakimbilia modeli ya Cox ya 1972, tunaingiza kiwango cha elimu, halafu tunaandika kwamba shule inachelewesha uzazi. Elimu hiyo iliandikwa kama ilivyokuwa siku ya mahojiano. Na hadi Novemba 2021, binti aliyepata mimba Tanzania hakuruhusiwa kurudi shule ya serikali baada ya kujifungua. Sasa niambie: aliacha shule ndipo akapata mimba, au alipata mimba ndipo akaachishwa? Modeli haiwezi kujua kama hatukuipa mpangilio wa matukio. Inageuza matokeo kuwa chanzo, na lawama inamwangukia binti.

Kwa hiyo ukiletewa jedwali la namna hii, uliza maswali mawili. Wale ambao bado, wamehesabiwaje? Na kila sababu iliyotajwa, ilianza kabla ya mimba au baada yake?