Kupunguza Bunduki Makali Bila Kumwibia Mwenyewe

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Mchezaji ana uhai wa pointi 100. Bunduki inarusha risasi 600 kwa dakika, yaani moja kila milisekunde 100, na kila risasi inakula pointi 34. Tatu zinatosha: milisekunde 200 baada ya ile ya kwanza, mtu yuko chini. Sasa watengenezaji wapunguze pointi moja tu, kutoka 34 hadi 33. Tatu mara 33 ni 99. Risasi ya nne inahitajika, na muda wa kuua umepanda hadi milisekunde 300. Pointi moja imeurefusha muda huo kwa nusu nzima. Lakini bunduki ya pointi 49 ikishushwa hadi 34, imepoteza karibu theluthi ya nguvu zake na bado itamuua mwenye uhai kamili kwa risasi zile zile tatu.

Kwa hiyo sasisho likitoka na vijana wa Westlands, Nairobi, wakaanza kubishana kwamba silaha fulani "imekatwa asilimia thelathini", asilimia hiyo peke yake haisemi chochote. Uliza imeongezewa risasi ngapi.

Tuipeleke hesabu hiyo Kangemi. Seva za michezo mingi inayochezwa Nairobi ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini. Kutoka hapa hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyuzi za kebo hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 63 hata kwa muujiza. Na kebo hainyooki. Inashuka Mombasa, inaingia baharini, inapanda Bahari ya Shamu, inavuka Misri, ndipo iione Mediterania. Pingi (muda huo wa kwenda na kurudi, kwa milisekunde) ya 160 si ajabu. Tangu kebo za SEACOM na TEAMS zifike Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, tumeondokana na enzi ya setilaiti, ambapo kubonyeza na kusubiri vilikuwa sehemu ya mchezo. Ila Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa wakati mmoja, kila mwenye simu alikumbushwa uzi wenyewe ulivyo mwembamba.

Sasa risasi ya kwanza imempata mchezaji wetu wa Kangemi. Habari inachukua milisekunde 80 kutoka kwenye seva hadi simu yake. Jicho na kidole vinataka kama 220. Jibu lake linarudi kwa 80 nyingine: jumla 380. Mwenzake wa Frankfurt, mwenye pingi ya 30, anahitaji 250 tu. Bunduki ikiua kwa 200, wote wawili wanakufa kabla ya kujibu; ni usawa wa kikatili, lakini ni usawa. Ikipunguzwa makali ili iue kwa 300, wa Frankfurt amepata nafasi ya kufyatua. Wa Kangemi ameshakufa milisekunde 80 kabla risasi yake haijafika.

Rekebisho lililosifiwa kuwa la haki limewafaa walio karibu na seva pekee. Ili wa Kangemi naye apate nafasi, bunduki ile ingepaswa kuhitaji risasi tano, yaani ishushwe hadi pointi 24, na hapo haingekuwa na mnunuzi. Tiba yake si namba ya bunduki bali ni seva kusogezwa. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Nairobi hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900. Kampuni inayotangaza kusawazisha silaha kwa takwimu za wachezaji wote duniani bila kuzigawa kwa pingi imesawazisha kwa niaba ya walio wengi, na sisi hatumo.

Hiyo ni haki ya uwanjani. Ipo nyingine, ya mwenye silaha, nayo hutegemea alichotoa ili aipate. Desemba 2018 Epic Games iliingiza upanga wa Infinity Blade kwenye mchezo wake wa Fortnite katikati ya mashindano ya Winter Royale. Aliyeuokota alikuwa karibu hashindiki. Kelele zikapanda, na siku chache tu baadaye ukaondolewa. Kosa lilikuwa kubwa lakini kulisahihisha kulikuwa rahisi, kwa sababu upanga ule uliokotwa ndani ya mechi na kuachwa humo humo. Hakukuwa na wa kulipwa fidia.

Mchezo wa Destiny 2 ni kesi ngumu zaidi. Bungie, watengenezaji wake, walikuwa na tatizo la kweli: silaha nzuri ikidumu milele, kila mpya lazima iizidi, na nguvu zinapanda bila kikomo. Mwaka 2020 wakaamua kwamba silaha zitawekewa ukomo, na Novemba mwaka huo, pamoja na toleo la Beyond Light, za zamani zikagota. Bunduki ilibaki mkononi, uliweza hata kuipiga picha, ila haikupanda tena kiwango, hivyo katika mapambano makubwa ilikuwa pambo. Miongoni mwa zilizogota zilikuwa Mountaintop na Recluse, ambazo hukuzipata bila kupanda ngazi katika mechi za ushindani, kazi ya jioni nyingi sana. Februari 2021 Bungie waliachana na mpango huo kwa silaha zijazo. Zilizokwisha kugota hazikufufuliwa wakati huo. Nadhani hapo ndipo walipokosea zaidi, kuliko hata kwenye ukomo wenyewe: waliokuwa waaminifu mapema ndio waliobaki na hasara.

Linganisha na Hearthstone ya Blizzard, mchezo wa kadi, zikiwemo kadi za silaha. Kadi ya daraja la juu kabisa hutengenezwa kwa vumbi (sarafu ya mchezo huo) 1600, na ukiivunja siku ya kawaida unarudishiwa 400. Ikipunguzwa makali, desturi ni kwamba kwa takriban wiki mbili ukiivunja unapata 1600 zote. Hulazimishwi, ukiipenda, baki nayo. Kampuni inajilipisha yenyewe gharama ya kosa lake, na pengine ndiyo sababu hufikiri mara mbili kabla ya kugusa namba. Wasiwasi wangu ni kwamba vumbi si jioni. Hakuna anayerudisha jioni.

Riadha ilishapitia haya. Mwaka 1986 mkuki wa wanaume ulisogezwa kitovu cha uzito sentimita 4 mbele, miaka miwili baada ya Uwe Hohn kuurusha mita 104.80. Rekodi yake haikufutwa. Kilifunguliwa kitabu kipya. Julius Yego aliporusha mita 92.72 Beijing mwaka 2015, hakuna aliyempima kwa mkuki wa Hohn. Mwaka 1991 mikuki yenye mikia ya kukwaruza ilipopigwa marufuku, rekodi zilizowekwa nayo zilifutwa kabisa. Michezo ya mtandaoni ingeweza kuiga ile njia ya 1986: silaha ya zamani iwe na uwanja wake wa kuchezewa, na orodha yake ya washindi.

Limebaki la bando, ambalo maelezo ya masasisho hayaligusi. Namba ya nguvu za bunduki inaweza kukaa kwenye seva na kubadilishwa huko bila mchezaji kupakua kitu. Ikifungwa ndani ya sasisho la gigabaiti kadhaa pamoja na mavazi mapya na ramani mpya, mwenye kununua bando la siku kule Kawangware analipia kupokonywa silaha yake. Mwenye waya wa nyumbani Kileleshwa hajui hata kwamba sasisho limepita usiku.